Vitabu vya falsafa kwa fundi seremala: nianze na kipi?

Randa, Mafinga
Jumapili, saa 3:40 usiku

Habari zenu humu ndani. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni fundi seremala hapa Mafinga, miaka 41, elimu kidato cha nne. Natengeneza vitanda, makabati, meza na milango, zaidi kwa mbao za paini, mninga mara chache mteja akiwa na uwezo. Naomba kuelekezwa vitabu vya falsafa, hasa vinavyozungumzia maadili, na vile vinavyozungumzia uzuri, kile ambacho watu wa fasihi wanakiita ujumi. Nieleze kwa nini nauliza, ili nisije nikapewa orodha ya mtu anayejiandaa na mtihani.

Mwezi wa nne nilimaliza kabati la nguo la mama mmoja muuguzi. Siku ya kupaka vanishi, fundo la ubao wa nyuma likadondoka, likaacha tundu la kupita kidole gumba. Nilikuwa nimeshamchelewesha siku nne. Nikachanganya gundi na vumbi la mbao, nikaziba, nikapiga msasa, nikapaka vanishi juu yake. Upande ule unaelekea ukutani. Mama akaja, akafungua milango akafunga, akafurahi, akanilipa zote na hela ya mkokoteni akaongeza. Kabati ni imara. Hakuna atakayeumia wala atakayejua. Lakini mimi tangu siku ile sina amani. Kama hakuna aliyedhurika, kinachoniuma ni nini? Nilimweleza mchungaji wangu, akasema ni dhambi, nitubu. Nimetubu kwa moyo wote. Swali bado lipo, kwa sababu kwamba ni kosa nilikuwa nalijua. Nataka kujua ni kosa kwa nini.

La pili. Jirani yangu wa karakana anachonga vichwa vya vitanda: mataji, maua, tausi, na rangi ya dhahabu ya kupulizia. Vinatoka kweli. Mimi nikiviangalia nasikia kelele. Cha kwangu kina mistari mitatu tu, na nyuzi za mbao unaziona zinavyokimbia. Nikimwambia chake si kizuri ananijibu kila mtu na macho yake. Sawa, kila mtu na macho yake. Mbona vitanda nilivyotengeneza mwenyewe miaka kumi iliyopita nikivikuta nyumbani kwa watu naona aibu? Macho ni haya haya. Kuna kitu nimejifunza kukiona ambacho zamani sikukiona, na nataka kujua kama ni kitu cha kweli au ni mazoea tu.

Hali yangu: nina shilingi 30,000 za kuanzia. Kiingereza nasoma polepole na kamusi pembeni, ukurasa mmoja nusu saa. Simu yangu inafungua PDF. Nasoma usiku baada ya kazi, na baridi ya Mafinga mwezi wa sita mnaijua, kwa hiyo nasomea kitandani na koti. Sina haraka. Nikipewa kitabu kimoja cha maana nitakaa nacho hata miezi mitatu.

Asanteni.

Mwalimu Mstaafu, Tukuyu
Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Marahaba fundi. Kamwene.

Nimelisoma swali lako jana usiku mara mbili, na leo alfajiri tena mvua ikipiga bati. Nimeona nikujibu kwa kirefu.

Nimefundisha Kiswahili na fasihi sekondari miaka 31. Falsafa nilijifunza mwenyewe, na nilianza vibaya. Nilinunua kitabu kinene cha historia ya falsafa, kuanzia Wagiriki mpaka karne ya 20, nikakiendea kama mtu anayetaka kupanda Mlima Rungwe bila kubeba maji. Nilipofika katikati nilikuwa na majina arobaini kichwani na sina hoja hata moja ambayo ningeweza kumweleza mke wangu mezani. Mwaka mzima ukaenda. Historia utaisoma baadaye, ukishakuwa na ugomvi wako na mwanafalsafa mmoja au wawili.

Kitabu chako cha kwanza kiwe Utetezi wa Socrates, alioandika Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kumhusu mwalimu wake. Kwa Kiingereza kinaitwa *Apology*. Ni kifupi, kwa mwendo wako utakimaliza ndani ya mwezi mmoja. Mwaka 399 kabla ya Kristo, Socrates, mzee wa miaka 70, anashitakiwa mjini Athens kwamba haiamini miungu ya mji na anawapotosha vijana. Anajitetea mwenyewe mbele ya mamia ya waamuzi. Anaeleza jinsi alivyozunguka akimtafuta mtu mwenye hekima kumzidi: alikwenda kwa wanasiasa, akaenda kwa washairi, mwisho akaenda kwa mafundi. Hapo simama. Anakiri waziwazi kwamba mafundi walijua mambo mengi mazuri ambayo yeye hakuyajua. Ila aliwaona na kasoro moja: kwa kuwa kila mmoja alikuwa hodari wa kazi yake, alijiona mwenye hekima hata katika mambo makubwa yaliyo nje ya kazi ile. Ukifika hapo zima simu, ulale na maneno hayo usiku mmoja.

Pembeni yake weka *Kusadikika* ya Shaaban Robert, kitabu cha mwaka 1951. Nilikifundisha miaka mingi kabla sijatambua nilichokuwa nimekishika. Karama, mhusika mkuu, anashitakiwa kwa sababu anataka watu wafundishwe sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi, malipo yao yakawa gereza. Ni mtu mmoja mbele ya baraza, na kosa lake ni elimu. Tofauti ni kwamba Socrates anahukumiwa kufa, Karama anashinda. Kwa nini Shaaban, akiandika chini ya utawala wa mkoloni, alimwacha mtu wake ashinde? Darasa langu moja la kidato cha tatu lilibishana juu ya hilo mpaka kengele ya chakula ikalia, na hakuna aliyesimama kwenda kula. Kwangu siku ile inazidi siku ya kustaafu.

Sasa kabati lako. Plato ana kitabu kingine, *Jamhuri*, kilichogawanywa katika vitabu kumi. Kwa sasa soma mwanzo wa kitabu cha 2 tu. Glaucon, kijana anayejadiliana na Socrates humo, anasimulia habari ya mchungaji wa nchi ya Lydia aliyeokota pete. Akiigeuzia kichwa chake ndani ya kiganja, haonekani. Kwa pete hiyo alimpata malkia, akamuua mfalme, akatwaa ufalme. Glaucon anamuuliza Socrates: mpe pete hiyo mtu mwema, mpe nyingine mtu mwovu, je, watatofautiana? Au watu wote hutenda haki kwa kuogopa kuonekana tu? Fundi, ubao wa nyuma wa kabati ndiyo pete yako. Swali lako lina miaka karibu 2,400, na sehemu kubwa ya *Jamhuri* iliyobaki ni jitihada ya kulijibu. Jibu la Plato, ukilikunja liingie mfukoni, ni kwamba udhalimu huvuruga mpangilio wa nafsi ya anayeutenda, aonekane asionekane. Usilikubali kwa sababu ni la Plato. Lipime.

Kisha Aristotle, mwanafunzi wa Plato, *Nicomachean Ethics*, kitabu cha 2 peke yake. Anasema tunakuwa wajenzi kwa kujenga, tunakuwa wapiga kinubi kwa kupiga kinubi, na vivyo hivyo tunakuwa wenye haki kwa kutenda haki. Na anaongeza jambo ambalo wengi hulipita: kwa kujenga huko huko mtu huweza kuwa mjenzi mbaya, akijenga vibaya. Mimi nadhani uchungu wako unakaa hapa. Yule mama amepata kabati imara. Mkono wako ndio uliojifunza kitu siku ile, nao unakumbuka.

Kuna pia Kant, Mjerumani, na kitabu chake kidogo cha mwaka 1785 kuhusu msingi wa maadili. Ni kigumu sana, soma sehemu ya kwanza tu. Kuna mwenye duka anayemuuzia mtoto mdogo kwa bei ile ile anayomuuzia mtu mzima. Watu wanasema ni mwaminifu. Kant anauliza: ni mwaminifu kwa kuwa ndivyo inavyompasa, au kwa kuwa uaminifu unamletea wateja? Ukienda kumwambia yule mama kwa hofu kwamba siku akihama ataligeuza kabati, hiyo ni biashara tu. Ukimwambia kwa kuwa ana haki ya kujua alichokinunua, hilo ni jambo jingine kabisa, ingawa maneno utakayotamka ni yale yale.

Kuhusu uzuri, rudi kwenye *Jamhuri*, kitabu cha 10. Plato anataka kueleza sanaa ni nini, na katika vitu vyote duniani anachagua kitanda. Vipo vitanda vitatu: kile kimoja ambacho ndicho kitanda chenyewe hasa, kazi ya Mungu, kile anachotengeneza seremala, na kile anachokichora mchoraji. Seremala ni wa pili kutoka kwenye ukweli, mchoraji ni wa tatu. Nakusihi usome ukiwa karakanani, mchana, mbao zikiwa mbele yako. Na ukitaka swali la kujua na kuonekana, Bertrand Russell alitoa mwaka 1912 kitabu chepesi, *The Problems of Philosophy*, na sura ya kwanza yote inahusu meza iliyo mbele yake: rangi yake ni ipi hasa, ikiwa kila ukisogea inabadilika? Unaona ilivyo. Wanafalsafa hawa wamejaza nyumba zao samani, ila wengi wao hawakuwahi kuzitengeneza. Wewe utawasoma ukiwa na kitu ambacho mimi sina.

Fedha zako usizimalize. Plato, Aristotle na kitabu hicho cha Russell vinapatikana bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg, ila Plato wa pale ni tafsiri ya Jowett, Kiingereza cha karne ya 19, sentensi ndefu. Vumilia. Nunua daftari kubwa na kamusi nzuri. *Kusadikika* ninazo nakala mbili, nitakutumia moja. Kurasa mbili kwa usiku zinatosha. Ukimaliza, andika kwa Kiswahili alichosema, kwa maneno ambayo ungemwambia kijana wako wa kazi. Usipoweza kuandika, rudia zile zile.

Mwonja Chai, Mufindi
Jumatatu, saa 2:05 usiku

Kaka fundi, habari ya Mafinga. Mwalimu shikamoo.

Mimi si msomi wa falsafa, ila swali lako la macho nalijua kwa ulimi. Nimefanya kazi ya kuonja chai kiwandani miaka 18, na naomba niongeze kitu kimoja ambacho Mwalimu hakukigusa: insha ya David Hume, Mskoti, ya mwaka 1757, *Of the Standard of Taste*. Nayo ni ya bure. Nilipewa na mgeni aliyetembelea kiwanda, akaniambia "humu umo wewe." Nilichukua wiki sita kuielewa, na sijawahi kuiweka mbali.

Hume anaanza na hilo hilo la jirani yako, kwamba uzuri uko kwa anayetazama na hakuna wa kumbishia mwenzake. Halafu anasimulia kisa alichokitoa katika riwaya ya Kihispania, *Don Quixote*. Ndugu wawili waliitwa kuonja divai ya pipa moja. Wa kwanza akasema ni nzuri, ila nasikia ladha kidogo ya ngozi. Wa pili akasema ni nzuri, ila nasikia ladha ya chuma. Watu waliwacheka. Pipa lilipomalizika, chini wakakuta ufunguo wa zamani umefungwa kwa kamba ya ngozi.

Kaka, nililia niliposoma hapo. Kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu, na nimechekwa hivyo hivyo. Kwetu chai inaandaliwa kwa kipimo: gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6, vikombe vyote sawa, vimepangwa mstari. Unavuta kwa kijiko kwa nguvu mpaka ifike puani, unatema, unasogea. Mwaka wa kwanza vyote vilikuwa chai tu. Mwaka wa tatu nilianza kusikia majani yaliyokaa kwenye gunia yakapata joto kabla ya kufika kiwandani. Sasa naweza kukuambia kikombe cha saba kina shida, na mwenzangu akipita nyuma yangu bila sisi kusemezana anaandika shida ile ile kwenye kikombe cha saba. Tunaenda kuuliza, tunakuta lori liliharibika njiani. Ufunguo wetu huo.

Hume anataja mambo yanayomfanya mtu awe mwamuzi mzuri: hisia zilizo kali, mazoezi, kulinganisha kazi nyingi, kuondoa upendeleo, na akili timamu. Sasa jiangalie wewe. Umelinganisha vitanda vingapi katika miaka yako? Huoni aibu ya vitanda vya zamani kwa mazoea, kaka. Umepata ulimi.

Ila nina neno moja la kukubana, samahani. Upendeleo nao umo katika orodha. Jirani yako anauza kuliko wewe. Kabla hujasema vitanda vyake ni kelele, kaa navyo siku nzima kama vile havikutengenezwa na yeye. Mimi kuna aina ya chai niliidharau miaka mingi kwa sababu tu ilitoka shamba la watu tuliokuwa tunashindana nao. Siku vikombe vilipopangwa bila majina niliipa alama ya juu kabisa.

Mjukuu wa Msusi, Kihesa, Iringa
Jumanne, saa 5:20 asubuhi

Mwalimu shikamoo. Mama shikamoo. Kaka fundi shikamoo.

Nipo mwaka wa pili chuoni hapa Iringa, nasoma ualimu. Nimefurahia majibu yenu sana ila naomba nibishane na Mwalimu kwa heshima. Kwa nini mtu wa Mafinga, akitaka kufikiri, lazima apitie Athens kwanza? Kuna Mghana, Kwasi Wiredu, alitoa kitabu mwaka 1980, *Philosophy and an African Culture*, na wazo alilolishikilia maisha yake yote ni hili: chukua swali la falsafa lililokuja kwa lugha ya kigeni, liseme kwa lugha yako, uone kama linabaki limesimama. Mengine yanaanguka, maana yalisimama kwa sababu ya maneno ya lugha ile tu. Mengine yanageuka kuwa swali jipya.

Nililifanyia jaribio swali la kaka fundi. Anasema ana maswali mawili, la maadili na la uzuri. Kwa Kiswahili tunasema kitanda kizuri, tunasema tabia nzuri, tunasema umefanya vizuri kuniambia. Neno moja. Tuna "wema" pia, lakini kitanda hakiwi chema. Kwa hiyo labda kaka ana swali moja ambalo amelikata vipande viwili kwa kuwa vitabu viko kwenye rafu mbili. (Kumbe Wagiriki nao walikuwa na neno lao, *kalos*, la uzuri wa sura na la uungwana wa tendo. Hapo Mwalimu atanicheka, nimerudi Athens mwenyewe.)

Bibi yangu anasuka vikapu vya milulu. Ananunua kwa macho ya nyuma, anasema, yaani anakigeuza kikapu anaangalia kitako kabla ya kuangalia mchoro. Siku moja sokoni alinionyesha kikapu chenye rangi za kupendeza mno, akaingiza ukucha kwenye msuko ukaachia. Akasema, "Hiki kinasema uongo." Nilipokuja kusoma kwamba Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790, anatenga uzuri wa ua, ambalo hulihitaji kujua ni la nini, na uzuri wa jengo, ambalo lazima ujue limekusudiwa kazi gani, nilimwona bibi amekaa upande mmoja na hasogei. Kwake kikapu kizuri kinachomwaga unga hakipo.

Watu kama bibi wana kitabu chao. Mkenya Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alihoji wazee vijijini, akayaweka mazungumzo hayo katika *Sage Philosophy*, 1990. Anatofautisha mzee anayejua hekima ya jamii na kuirudia kama alivyoipokea, na mzee anayeijua kisha akaihoji na kuikataa panapostahili. Huyo wa pili ndiye anamwita mwanafalsafa. Maktaba ya chuo chetu ipo nakala moja, imechakaa.

Na ukipata Mbiti, Mkenya mwingine, *African Religions and Philosophy* ya 1969, msome ukiwa macho. Alichukua maneno yetu mawili, Sasa na Zamani, akajenga hoja kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati ujao wa mbali karibu haupo. Anazungumzia jadi, najua, na alitumia lugha za kwao kama ushahidi. Lakini nilisoma ile sura likizo, nyumbani, baba akiwa shambani anapanda miche ya paini ambayo anasema itasomesha watoto wangu mimi, nami sijaolewa. Niliandika pembeni ya ukurasa kwa penseli: mpeleke Mbiti Mufindi.

Mwalimu Mstaafu, Tukuyu
Jumanne, saa 11 jioni

Marahaba mwanangu. Sikucheki hata kidogo. Nimemaliza miaka 31 nikifundisha "fani" juma hili na "maudhui" juma lijalo, na sijawahi kusikia maneno ya kikapu kinachosema uongo. Namwomba bibi yako ruhusa niyatumie.

Katika kuanzia wapi bado nashikilia Socrates, kwa sababu moja tu: ni mfupi na ni wa bure, na fundi ana 30,000. Lakini fundi, baada yake nenda kwa Oruka kabla ya Aristotle. Nimebadilisha.

Randa, Mafinga
Jumapili, wiki tano baadaye

Ndaga, Mwalimu. Mama wa Mufindi na mdogo wangu wa Kihesa, asanteni. Sikujibu mapema kwa sababu sikuwa nimesoma, na sikutaka kushukuru kitu ambacho sijakitumia.

Nimemaliza Utetezi. Pale pa mafundi nililala napo usiku mbili, siyo mmoja. Yule mzee ananipenda na ananionya kwa sentensi moja. Nimekumbuka mara ngapi nimekaa kwenye vikao vya mtaa nikasema kwa sauti ya juu juu ya mambo nisiyoyajua, na watu wakanyamaza kwa kuwa nimewatengenezea milango.

Kwa yule mama nilikwenda wiki ya pili, baada ya kusoma habari ya pete. Nilimkuta anatoka zamu ya usiku, amechoka. Nikamweleza. Hakuelewa mara moja, tukavuta kabati, nikamwonyesha kwa kidole, maana kwa macho palikuwa hapaonekani. Akasema, "Sasa umekuja kuniambia ili iweje?" Sikuwa na jibu nililojiandaa nalo. Nikamwambia ni kabati lako, ni haki yako kulijua. Akasema liache. Nikamwomba anikubalie nibadilishe ubao. Ilinichukua nusu siku, na alikasirika kidogo kwa sababu ilibidi tutoe nguo zote na alitaka kulala. Nimerudi na ule ubao, nimeusimamisha karakanani karibu na mlango.

Kuhusu vitanda vitatu nina ugomvi, Mwalimu, kama ulivyosema nitakuwa nao. Plato anasema seremala anaangalia wazo la kitanda ndiyo anatengeneza. Mimi sijawahi kuangalia hivyo. Mwaka jana nilitengeneza kitanda cha mzee mwenye magoti mabovu. Kitanda cha kawaida kilikuwa kinamtesa kuinuka. Nilikaa naye, nikamtazama anavyoinuka kwenye kiti, nikapandisha miguu ya kitanda inchi 4 na nikaweka mhimili wa kushika upande wa kulia. Wazo lilitoka kwenye magoti ya mzee. Na mbao nazo zina maneno yao: ukizilazimisha kinyume cha nyuzi zinapasuka, kwa hiyo nusu ya kitanda inaamuliwa na mti. Nilikuwa nimeshamkasirikia Plato, halafu kurasa chache mbele nikakuta anasema kila kitu kina aliyekitumia, aliyekitengeneza na aliyekiiga, na anayejua kweli ni mtumiaji. Fundi inampasa amsikilize. Sasa hilo ndilo la magoti. Nimeandika kwenye daftari kwamba Plato wa ukurasa huu na Plato wa ukurasa ule wakae wazungumze. Kama nimemsoma vibaya nisahihishe.

Meza ya Russell nimeisoma sura hiyo moja. Swali la rangi halikunishangaza, kila fundi analijua; sampuli ya vanishi haiangaliwi ndani, unaitoa mlangoni, kisha unaipeleka kivulini, kisha unamuuliza mteja chumba chake kina dirisha upande gani. Kilichonishangaza ni kwamba mtu anaweza kuanzia hapo akafika kuuliza kama meza ipo. Sijafika huko. Nitarudia.

Mama, nilifanya ulichosema. Nilimwomba jirani kichwa kimoja cha kitanda, chenye tausi, nikakiweka karakanani kwangu siku tatu. Siku ya kwanza ilikuwa kelele. Siku ya pili niliacha kuangalia dhahabu nikaangalia patasi ilivyopita kwenye manyoya ya mkia. Ana mkono mwepesi sana. Sikuwahi kuuona, miaka sita tuko jirani. Dhahabu bado naona inaua kazi yake, na nimemwambia hivyo, kwamba inafunika kitu kizuri alichokifanya. Amekaa kimya, kisha akaniomba nimsomee hiyo hadithi ya pipa. Nimemsomea kwa Kiswahili changu kutoka kwenye daftari, vijana wa kazi nao wakasogea. Jumamosi jioni tukifunga karakana tutaanza Utetezi, kurasa mbili mbili, nitakuwa natafsiri mwenyewe. Ukurasa wa kwanza umenichukua siku nne, kwa sababu ya neno moja la Kiingereza, *virtue*. Nimejaribu "wema," nimejaribu "adili," nimejaribu "ubora." Socrates anaposema habari za farasi na ndama, kwamba watoto wa mtu wangekuwa farasi au ndama wangetafutiwa mtu wa kuwafundisha ubora wao, "wema" haukai kabisa, maana ndama hana wema. "Ubora" unakaa kwa ndama, lakini kwa mtu unapungua. Naombeni msaada hapo kabla ya Jumamosi.

Mwalimu, *Kusadikika* nitaipokea. Mpe kondakta wa gari lolote linalopita Makambako kwenda Iringa, uandike "fundi wa vitanda, stendi ya Mafinga," na unitumie namba za gari. Nitakuwa pale kuanzia saa saba.